Waliotumwa Kuitazama Nchi

Zamani mtu wa huku kwetu akisema amesafiri, tulielewa kwamba amekwenda Kasulu, Kigoma mjini au Tabora. Aliyefika Dar es Salaam alihesabiwa kuwa ameiona dunia. Leo mambo yamebadilika. Mfanyabiashara wa Munanila anayenunua maharage, kahawa na tangawizi ana mshirika wake Kariakoo, na mshirika huyo huenda China kufuata mzigo. Vijana wanaulizana habari za pasi ya kusafiria na viza. Vikundi vya kuweka na kukopa vinajadili kama inafaa kuchanga fedha ili mwenzao mmoja aende akajifunze. Safari hizi huitwa ziara za mafunzo ya biashara: siku chache Dubai, wiki moja Guangzhou, wengine hupitia Singapore au Kuala Lumpur, kisha hurudi nyumbani na picha nyingi ndani ya simu.

Mara nyingi anayejiandaa kwa safari ya namna hii huja kwa mchungaji kuombewa. Tunamwombea afike salama, apate kibali, mzigo wake usipotee. Hayo ni maombi mema. Lakini kuna swali ambalo kanisa halijalishughulikia vya kutosha, nalo ndilo ninalotaka tulitafakari pamoja: Mkristo anapokwenda kuutazama mji wa mbali uliostawi, atazame nini? Na akirudi, atuambie nini?

Biblia inaijua vizuri ziara ya namna hii. Katika Hesabu sura ya 13, Musa aliwatuma watu kumi na wawili waende wakaitazame nchi: udongo wake, miji yake, watu wake, matunda yake. Walikaa huko siku arobaini. Wote waliiona nchi ile ile. Wote waliona kishada cha zabibu cha Eshkoli ambacho kilibebwa na watu wawili kwa mti, pamoja na komamanga na tini. Hata zile kuta ndefu walizozisimulia zilikuwapo kweli. Lakini taarifa ya watu kumi iliwavunja moyo Israeli wote, wakalia usiku kucha na kutamani kurudi Misri. Walianza na ukweli, wakaishia kuisema nchi kwa ubaya na kujiona wenyewe kama panzi.

Tunajifunza hapa kwamba ziara ya mafunzo haiishii uwanja wa ndege. Inaishia pale msafiri anaposimama mbele ya wenzake na kutoa taarifa. Taarifa hiyo inaweza kujenga watu au kuwabomoa. Kwa hiyo macho ya msafiri ni jambo la imani, na tunazo amri za Mungu, tulizojifunza katika Katekisimo Ndogo wakati wa kipaimara, za kuyaongoza macho hayo. Nitatumia nne za mwisho.

Amri ya tisa na ya kumi: jicho linalotamani

Tuanze na kile kinachotangulia kumpata mgeni, yaani mshangao. Dubai, kabla ya mafuta kugunduliwa huko mwaka 1966, ilikuwa mji wa wavuvi, wazamia lulu na wafanyabiashara wa majahazi. Mwaka 1979 walifungua bandari kubwa ya Jebel Ali, na leo sehemu kubwa ya mapato ya mji huo hutokana na biashara, usafiri na wageni, si mafuta. Singapore ilijitenga na Malaysia mwaka 1965, mwaka mmoja tu baada ya Muungano wetu. Ni kisiwa cha kilometa za mraba zipatazo 730, kidogo kuliko wilaya zetu nyingi. Hakina mgodi wala mto mkubwa, na hata maji hununua kwa jirani. Leo watu wake wengi wanaishi katika nyumba nzuri zilizojengwa na shirika la umma, na bandari yake ni mojawapo ya zile zenye shughuli nyingi kabisa duniani.

Mtu aliyetoka kijiji ambacho mvua ikinyesha gari linakwama hawezi kuona mambo haya asiguswe. Kuguswa si dhambi. Hatari inakuja pale mshangao unapogeuka kuwa mafundisho. Nimesikia wahubiri wakisema: tazameni miji ile, huo ndio mkono wa Mungu, na ninyi mngekuwa na imani mngeishi hivyo. Mafundisho haya yanaingia kwa urahisi kwa watu waliochoka na umaskini. Lakini tuyapime. Kama majengo marefu ni dalili kwamba Mungu amewaridhia watu, basi Mungu anampenda mwenye duka la dhahabu Deira kuliko mama wa Munanila anayeamka kabla ya jua, akasali, akapalilia maharage yake na kulea wajukuu yatima. Nani kati yetu atathubutu kusema hivyo mbele ya msalaba?

Martin Luther, katika mjadala wa Heidelberg mwaka 1518, alitofautisha namna mbili za kumtafuta Mungu. Iko ile inayomtafuta katika utukufu, katika kinachong'aa na kushinda. Na iko ile inayomtazama pale alipojionyesha mwenyewe, katika mateso na msalaba wa Kristo. Anayemtafuta katika kung'aa, alifundisha Luther, huishia kuuita ubaya wema na wema ubaya. Bwana wetu alilelewa Nazareti, kijiji ambacho hata Nathanaeli aliuliza kama kitu chema chaweza kutoka huko. Watu wa vijiji vya mpakani tunaweza kulielewa swali la Nathanaeli kuliko watu wengi.

Hata hivyo tusikimbilie upande wa pili. Umaskini nao si utakatifu. Zahanati isiyo na dawa haimtukuzi Mungu. Mtu anayedharau alichokiona ng'ambo ili kujifariji, akasema wale ni watu wa dunia tu, sisi tunayo mbingu, amekosea sawasawa na anayekiabudu. Amri ya tisa na ya kumi zinatukataza kutamani mali ya jirani. Hazitukatazi kumuuliza jirani amechimbaje kisima chake.

Amri ya nane: taarifa ya kweli

Hapa Kigoma tunayo hadithi moja ambayo karibu kila mtu ameisikia: kwamba watu wa Malaysia walikuja kwetu wakachukua mbegu za michikichi, wakaenda kutajirika, na sisi tuliowapa mbegu tukabaki tunaagiza mafuta kutoka kwao. Husimuliwa mabasini, mikutanoni, hata madhabahuni.

Historia ya zao hilo inasema vingine. Mwaka 1848 miche minne ya michikichi ilipandwa katika bustani ya mimea ya Bogor, kisiwani Java. Uzao wa miche hiyo ulienea Sumatra na baadaye Malaya. Shamba la kwanza la biashara huko Malaya lilipandwa mwaka 1917, katika jimbo la Selangor. Mwaka 1956 serikali iliunda shirika la kuwapa ardhi wakulima wasio na mashamba, kila familia ikipata ekari zipatazo kumi. Wakaweka watafiti, viwanda na barabara. Walifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na leo Malaysia ni ya pili duniani kwa mafuta ya mawese, nyuma ya Indonesia.

Kwa nini mchungaji aingilie habari za mbegu? Kwa sababu hadithi ile inatutendea jambo fulani moyoni. Inatupa faraja ya bure. Inasema wao walipata kwa ujanja, sisi tulikosa kwa ukarimu wetu. Amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo, na Katekisimo inatufundisha kumtetea jirani na kuyafasiri mambo yake kwa upande ulio mwema. Jirani huyo ni pamoja na mkulima wa Selangor ambaye hatutamwona kamwe. Tukimnyang'anya sifa ya jasho lake kwa maneno, tumemwibia kitu. Na sisi wenyewe tunapata hasara, kwa kuwa anayeamini kwamba jirani alifanikiwa kwa kuiba mbegu hatamuuliza jinsi anavyoitunza. Tangu mwaka 2018 serikali yetu imehimiza upya kilimo cha michikichi mkoani Kigoma, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kinazalisha mbegu bora. Kazi hiyo inahitaji watu wenye subira kuliko watu wenye kinyongo.

Taarifa ya kweli ina upande wake mwingine pia. Msafiri aliyetembelea Malaysia atueleze kwamba misitu mikubwa ilifyekwa kupisha michikichi, na kwamba wavunaji wengi mashambani ni wahamiaji kutoka Indonesia na Bangladesh. Kusema mema tu ni uongo, na kusema mabaya tu ni uongo.

Sasa nifike kwenye swali gumu zaidi, ambalo mzee mmoja wa kanisa aliniuliza baada ya kumsikiliza kijana aliyetoka Singapore. Kijana alisimulia kwamba mtumishi wa umma kule anaogopa rushwa kama moto, kwani tangu mwaka 1952 wanayo ofisi maalumu ya kuwachunguza wala rushwa, na hata wakubwa hufikishwa mahakamani. Mzee akauliza: "Mchungaji, kule Wakristo ni wachache. Sisi hapa tuna makanisa kila kitongoji, tuna kwaya tatu katika usharika mmoja, na bado fedha za kisima zinaliwa. Basi imani inaongeza nini?"

Tusilijibu swali hili kwa haraka, maana ni swali la haki. Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 18, linakiri kwamba mwanadamu, hata bila kuzaliwa upya, ana uwezo wa kiasi fulani wa kutenda haki ya nje: kulipa deni, kutimiza ahadi, kuhukumu bila upendeleo. Mungu anaitawala dunia kwa sheria, kwa akili na kwa serikali, na vipawa hivyo huwagawia watu wa dini zote. Kwa hiyo uaminifu wa karani wa Singapore ni kipawa cha Mungu, hata kama karani mwenyewe hajui. Hatuna sababu ya kuuonea aibu wala kuudharau.

Ila haki hiyo ya nje haimwokoi mtu. Mji safi hausamehi dhambi. Kwa upande mwingine, ubatizo wetu haukuja kuchukua nafasi ya vitabu vya hesabu. Mhasibu wa kikundi hawezi kusema ameokoka, kwa hiyo hakuna haja ya kukaguliwa. Nadhani hapa ndipo tulipopotea: tumeiweka imani mahali pa utaratibu, kana kwamba sala ya kufungua kikao inatosha kulinda fedha. Imani haiongezi kufuli mlangoni. Inamweka mtu huru asiishi kwa hofu ya kesho, ili asihitaji kuiba. Na inamfungua macho amwone yule ambaye sheria ya mji haikumhesabu. Kama imani yetu haifanyi hata hayo mawili, basi mzee ana haki ya kuuliza, na swali lake linatudai toba. Karani asiyemjua Kristo atatuhukumu.

Amri ya saba: nani amelipa bei?

Guangzhou ni mji ambao wafanyabiashara wetu wanaujua kuliko mingine. Umejengwa kando ya Mto Lulu, na tangu mwaka 1957 kuna maonyesho makubwa ya biashara huko, majira ya kuchipua na majira ya vuli. Mtaa wa Xiaobei umejaa Waafrika, na Kiswahili husikika humo. Watu wenye mitaji midogo hushirikiana kontena moja, kila mtu na mafurushi yake. Viatu, simu, taa za sola, vyombo vya plastiki: robo ya vitu vilivyoko katika duka la Munanila huenda vimepita njia hiyo, au zaidi.

Mwanafunzi wa biashara hufundishwa kuuliza bei. Amri ya saba inamfundisha Mkristo kuuliza swali linalofuata: bei hii ikiwa ndogo hivi, nani amelipa sehemu iliyobaki? Kuna mji mwingine wa Asia ambao watalii wa biashara hawaupigi picha sana, nao ni Dhaka, Bangladesh, unaoshona nguo za dunia. Tarehe 24 Aprili 2013, pembeni ya mji huo, jengo la Rana Plaza lenye viwanda vya nguo lilianguka. Watu zaidi ya 1,100 walikufa, wengi wao wasichana na akina mama. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla. Benki iliyokuwa katika jengo hilo iliwaambia wafanyakazi wake wasije. Washonaji waliambiwa waingie kazini, kwa kuwa mzigo ulikuwa unasubiriwa. Singapore na Dubai nazo zimejengwa kwa mikono ya wahamiaji, wengi wao kutoka Bangladesh, India na nchi nyingine za jirani zao, wanaolala vyumba vya msongamano mbali na mitaa inayopigwa picha.

Sisi Waha hatuna ruhusa ya kuupita mji bila kuuliza habari hiyo, kwa maana tunayo historia yake katika familia zetu. Babu zetu kutoka Kibondo na Kasulu waliandikishwa kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga. Waliitwa manamba, kwa sababu ya namba waliyopewa kila mmoja. Walisafirishwa kwa treni hadi upande wa pili wa nchi, wakakata mkonge kwa mkataba, wengine wakarudi na blanketi na baiskeli, wengine hawakurudi. Mgeni aliyetembelea Tanga miaka ile akayasifu mashamba yaliyonyooka na bandari yenye meli nyingi, alisema kweli. Lakini kama hakumwona babu yako, hakuiona Tanga.

Ufunuo sura ya 18 inaorodhesha bidhaa za wafanyabiashara wa Babeli: dhahabu, fedha, lulu, kitani, pembe za ndovu, manukato, ngano, ng'ombe. Mwisho wa orodha, baada ya farasi na magari, wametajwa watu, miili na roho zao. Hapo ndipo Mungu anapoisoma risiti kuanzia chini kwenda juu.

Najua mfanyabiashara ataniambia: "Mchungaji, mimi nanunua dazeni kumi za mashati. Nitakikagua kiwanda gani? Nisiponunua mimi, atanunua jirani yangu." Hoja hii ina uzito, na sitaki kuifunga kwa mstari mmoja wa Biblia. Mwaka 1524 Luther aliandika kitabu kuhusu biashara na riba. Hakuikataa biashara. Alikubali kwamba mfanyabiashara apate kiasi kinachorudisha gharama zake, kazi yake na hatari aliyoibeba. Alichokikataa ni ile kanuni ya kwamba naweza kuuza kwa bei yoyote ninayoweza kumkamua mtu. Alisema hapo jirani amesahauliwa kabisa. Hakumtaka mfanyabiashara aitengeneze dunia nzima. Alimtaka amkumbuke jirani katika bei yake mwenyewe.

Basi tuseme yale ambayo mtu mwenye dazeni kumi anaweza. Anaweza kukataa bidhaa bandia: waya wa umeme unaochoma nyumba, betri isiyomaliza mwezi, kipodozi kinachoharibu ngozi za mabinti zetu. Anaweza kumwambia mteja ukweli kwamba hiki ni cha daraja la chini. Na anaweza, anaponunua kwa mkulima wa hapa, kutofanya yale anayoyalalamikia ng'ambo. Tunalia kwamba mataifa makubwa yanatunyonya, kisha tunamlazimisha mama ajaze gunia la maharage kwa lumbesa, au tunanunua kahawa ikiwa bado ua mtini kwa mtu mwenye njaa. Mithali 11 inasema juu ya mizani ya hadaa kwamba ni chukizo kwa Bwana. Haikuitaja mizani ya Guangzhou peke yake.

Bwana akipenda

Yakobo, katika sura ya 4, anawasemesha watu waliokuwa wakipanga kwenda mji fulani, kukaa mwaka, kufanya biashara na kupata faida. Hawakemei kwa ajili ya safari. Anawakumbusha kwamba uhai wao ni kama mvuke, na kwamba waseme, Bwana akipenda. Kisha anamalizia kwa neno ambalo mara nyingi tunaliruka: ajuaye kutenda mema asiyatende, kwake huyo ni dhambi. Kwa hiyo elimu ya safari ni deni. Aliyeona zaidi anadaiwa zaidi.

Nashauri basi, ndugu zangu, kwamba kikundi au usharika ukimwombea mtu na kumtuma, umwulize maswali matatu siku atakaporudi. Umeona kitu gani chema ambacho tunaweza kukianza hapa kwa mikono yetu wenyewe? Umemwona nani aliyekuwa anafanya kazi wakati wengine wanapiga picha, na hali yake ikoje? Na katika biashara yetu hapa, tubadilishe nini? Maswali hayo yaulizwe mbele ya watu wote, na majibu yaandikwe katika daftari la kikundi, kama tunavyoandika hisa na mikopo.

Na anayekwenda asiogope. Lidia, muuza nguo za zambarau, alitoka Thiatira akafanya biashara Filipi, na Bwana akaufungua moyo wake huko huko ugenini. Kalebu aliona kuta zile zile walizoziona wenzake kumi, lakini Bwana alisema huyo alikuwa na roho nyingine. Roho hiyo ndiyo tuwaombee wasafiri wetu, pamoja na usalama wa mizigo yao.